Kompyuta ya mzee imeanza kutoa vimraba vya rangi: nimnunulie kadi gani ya grafiki kwa laki nne?

#1 BintiWaTunduma

Habari za jioni, wakuu.

Baba yangu aliendesha malori ya mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na mara nyingi akavuka mpaka kuingia Zambia, mpaka mgongo ulipomlazimisha kustaafu. Siku hizi anaendesha malori ya Ulaya ndani ya Euro Truck Simulator 2, kwa usukani wa Logitech alionunuliwa na kaka yangu, na nathubutu kusema kwamba gemu hiyo ndiyo inayomtoa kitandani asubuhi.

Kompyuta yake iliundwa na fundi mwaka 2014. Ina prosesa ya Core i5-4590, ubao mama wa chipuseti H81 (chipu inayoratibu vifaa vya ubao), RAM ya GB 8 katika kijiti kimoja, diski ya kuzunguka ya TB 1, kadi ya GeForce GTX 660 yenye kumbukumbu ya GB 2, na pawa saplai iliyoandikwa wati 450, ya chapa nisiyoitambua. Programu endeshi ni Windows 10.

Hivi karibuni, baada ya kuendesha kwa muda, vimraba vya zambarau na kijani huanza kutapakaa kwenye skrini, hasa mvua inaponyesha ndani ya gemu, kisha picha huganda huku mngurumo wa injini ukiendelea kusikika. Zaidi ya hapo, akiingia katika miji mikubwa picha hukwamakwama hata siku ambazo vimraba havionekani.

Nina shilingi laki nne za Kitanzania. Duka moja la Kariakoo limenipendekezea GTX 1050 Ti iliyotumika, na jingine limenipendekezea RX 6400 mpya. Ningependa kadi ambayo haitanilazimisha kubadilisha kila kitu kilichomo ndani ya kasha. Naombeni ushauri.

#2 Fundi_Sinza

Pole kwa usumbufu, dada. Kabla hujatoa hata shilingi moja, fanya jaribio lisilo na gharama. Prosesa hiyo ina grafiki zake za ndani, Intel HD Graphics 4600. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, toa GTX 660 kwenye sloti yake, kisha chomeka skrini moja kwa moja kwenye ubao mama. Shusha ubora wa picha hadi chini kabisa na umwache mzee aendeshe kama kawaida yake. Vimraba vikitoweka, mgonjwa ni kadi. Vikiendelea, tafuta kwenye RAM au ubao mama, kwa sababu kadi mpya itakuja kurithi ugonjwa uleule.

Mimi nahisi ni joto. GTX 660 ilitoka Septemba 2012, na mvua ndani ya gemu huiongezea kadi kazi. Kadi za umri huo zikifika mezani kwangu, pesti ya kupitishia joto huwa imekauka ikawa unga wa kijivu unaobanduka kwa ukucha, na nafasi kati ya mapezi ya alumini huwa zimezibwa na vumbi lililogandamana kiasi kwamba ukimulika tochi upande mmoja huoni mwanga upande wa pili.

#3 Wati75

Fundi amesema vema, nami nijibu swali la kadi yenyewe.

GTX 1050 Ti ilikuwa kadi nzuri ilipotoka Oktoba 2016, lakini usiinunue leo. Nvidia, mtengenezaji wa chipu zake, ilitangaza kwamba familia za chipu za Maxwell na Pascal zingepata draiva (programu za kuiendesha kadi) za mwisho za gemu Oktoba 2025, na baada ya hapo zingebaki na masasisho ya usalama tu, kila robo mwaka, hadi Oktoba 2028. GTX 1050 Ti ni Pascal. GTX 1650 ya Aprili 2019 ni ya familia ya Turing, nayo haimo katika orodha hiyo, ingawa inakula wati 75 sawa na GTX 1050 Ti.

Pendekezo langu ni RTX 3050 ya GB 6, iliyoingia sokoni Februari 2024. Inakula wati 70, na nyingi kati yake hazihitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai, kwa sababu sloti yenyewe kikanuni hutoa hadi wati 75. GTX 660 ya mzee hula wati 140. Maana yake utapata kadi yenye nguvu zaidi na wakati huohuo utaitua pawa saplai nusu nzima ya mzigo wa kadi. Hakikisha tu unasoma boksi vizuri, kwa kuwa ile ya GB 8 iliyotangulia Januari 2022 ina jina lilelile lakini inahitaji wati 130 na waya wake.

#4 Mkaazi_wa_Luthuli

Nawasalimu kutoka Nairobi. Wati75 anapenda kadi zisizo na waya, kama jina lake linavyotangaza, lakini kwa pesa hiyo mimi ningetafuta GTX 1660 Super iliyotumika. Ilitoka Oktoba 2019 ikiwa na GB 6 za kumbukumbu ya aina ya GDDR6, na kumbukumbu yake husafirisha GB 336 kwa sekunde, wakati RTX 3050 ya GB 6 husafirisha GB 168. Hiyo ni mara mbili kamili. Inakula wati 125, pungufu ya GTX 660, na Nvidia yenyewe inaipendekezea pawa saplai ya wati 450, ambazo mzee anazo tayari.

Kadi za aina hiyo zilimwagika madukani baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuachana na uchimbaji wa kutumia kadi, Septemba 2022. Wengi huziogopa wakisema zilichoshwa na wachimbaji. Mimi nimezifunga kwa wateja kadhaa, na kinachochoka kwanza ni feni, ambayo hubadilishwa kwa bei ndogo.

#5 Nahodha_Tanga

Naomba nizungumzie RX 6400, kwa sababu hakuna aliyeigusa, na ndiyo inayoweza kumponza huyu dada.

Kadi hiyo ina njia nne tu za PCIe, yaani njia za kupitishia data kati ya kadi na ubao mama. Ilitengenezwa kwa kudhani kwamba itafungwa kwenye ubao wa toleo la 4.0, ambako njia nne hupitisha takribani GB 8 kwa sekunde. Katika toleo la 2.0 njia hizohizo hupitisha GB 2. Kumbukumbu ya kadi ni GB 4, nayo ikijaa, kila kinachokosa nafasi lazima kitoke na kuingia kupitia mlango huo mwembamba, na hapo ndipo mtu huona gemu inakwama bila kuelewa sababu. Ubao wa H81 ni toleo la 2.0.

#6 Kilele_Moshi

Nahodha, hapo sikubaliani nawe. Prosesa za kizazi cha nne cha Intel, kama hiyo ya mzee, zina PCIe 3.0, na sloti kubwa ya kadi huunganishwa moja kwa moja na prosesa, haipiti kwenye chipuseti. Kwa hiyo RX 6400 itapata takribani GB 4 kwa sekunde, si 2. Kwa skrini ya kawaida hilo linatosha.

#7 Nahodha_Tanga

Kilele, kuhusu prosesa umesema kweli, na kwa mbao za B85, H87 na Z87 hesabu yako ni sahihi. H81 ilikuwa chipuseti ya bei ya chini kuliko zote za kizazi hicho, na Intel iliifungia sloti ya kadi kwenye 2.0 hata prosesa ikiwa na uwezo wa 3.0. Fungua kijitabu cha ubao wowote wa H81 usome mstari wa sloti, utakuta imeandikwa PCIe 2.0 x16. Chipuseti hiyohiyo ina nafasi mbili tu za RAM na kikomo cha GB 16, jambo ambalo litatuhusu baadaye.

Kwa hesabu hiyo, GTX 1650 na GTX 1660 Super zenye njia kumi na sita hazitaumia sana. RTX 3050 ina njia nane, kwa hiyo itapata GB 4 kwa sekunde, lakini kumbukumbu yake ya GB 6 haitajaa upesi. Binafsi nisingeiweka RX 6400 humo hata kwa nusu bei.

#8 Kilele_Moshi

Nimesoma kijitabu cha ubao mmoja wa H81, ni 2.0 kweli. Ahsante.

#9 Mama_Kibodi

Dada, mimi nina jambo moja tu kuhusu hiyo GTX 1050 Ti iliyotumika. Mpwa wangu wa Mwanza aliuziwa kadi yenye jina hilo kwenye kibandiko, kwenye boksi, na hata ndani ya Windows. Gemu zikawa zinamgomea kila mara. Tulipofungua programu ya GPU-Z ndipo tukaona kwamba kilichokuwa ndani ni GTX 550 Ti ya zamani iliyoandikwa upya BIOS yake, yaani programu ya msingi iliyomo ndani ya kadi. Tangu mwaka 2018 programu hiyo huandika neno FAKE kabla ya jina la kadi za namna hiyo, na haina gharama. Ibebe kwenye flashi, mwombe muuzaji aichomeke kadi mbele yako, usome skrini kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, ondoka.

Tahadhari hiyohiyo iende kwa RX 580, maana mtu atakutajia. Kuna RX 580 iliyoandikwa 2048SP, yaani viini 2048, ambayo AMD iliitoa kwa soko la China mwaka 2018. Si ya kughushi, lakini kwa ndani ni sawa na RX 570, kwa kuwa RX 580 kamili ina viini 2304.

#10 Mzee_wa_Kisiwandui

Salaam, wanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Unguja, na kila jioni narusha ndege kwenye kompyuta niliyoachiwa na mwanangu alipohamia Muscat, kwa hiyo nasema kwa upande wa baba na si wa mnunuzi.

Mwanangu alininunulia kadi kubwa, akaweka kila kitu hadi juu, mawingu na maji yakameremeta, lakini saa za dashibodi zikawa bado hazisomeki kwa macho yangu. Nilichokihitaji kilikuwa skrini pana zaidi na herufi kubwa. Dereva wa malori huishi kwa vioo vya pembeni, sina shaka. Muulize baba yako anaona nini kwenye vile vioo, kama gari la nyuma yake analiona mapema au analiona likiwa limeshamfikia. Huenda akakwambia jambo ambalo hakuna yeyote kati yetu amelifikiria.

#11 BintiWaTunduma

Shikamoo, mzee. Nashukuruni nyote. Nimefanya jaribio la Fundi_Sinza, na pia nimemuuliza baba kama mzee alivyoshauri.

Kwanza, jaribio. Nimetoa GTX 660 na kutumia grafiki za ndani. Gemu inakwenda polepole na picha ni hafifu, lakini ameendesha mvuani jioni nzima bila kimraba hata kimoja, na picha haikuganda. Hata hivyo, alipoingia mjini ule ukwamaji uliendelea vilevile.

Pili, vioo. Amesema vioo vimekuwa na ukungu tangu fundi aliyepita aliposhusha ubora wake ili kupunguza joto, na ndiyo maana siku hizi hukwangua trela anaporudi nyuma. Alinieleza jambo hilo kwa uchungu ambao sikuutarajia. Kwa maneno yake, dereva asiye na vioo hana leseni.

#12 Fundi_Sinza

Basi jibu limepatikana, dada. Kadi ndiyo mgonjwa. Ukiniletea naweza kuisafisha na kuipaka pesti mpya, lakini chipu za kumbukumbu zilizoanza kutoa vimraba huwa hazidumu hata zikipozwa vizuri. Mtu asikudanganye kuiweka kadi kwenye oveni ya jikoni. Wanaofanya hivyo hupata nafuu ya muda mfupi, na hubaki na mafusho yenye sumu ndani ya oveni ya chakula.

#13 Umeme_Dodoma

Naomba tusikimbilie hukumu. Ulipoitoa GTX 660 uliondoa mambo matatu kwa mpigo: kadi yenyewe, wati zake 140 kutoka kwenye pawa saplai, na joto lake kutoka ndani ya kasha. Jaribio limeonyesha kwamba mojawapo ya hayo matatu ndilo tatizo, lakini halijaonyesha ni lipi.

Mimi ni fundi umeme, na ninaishuku pawa saplai. Kifaa kisichojulikana kilikotoka, kilichofanya kazi tangu 2014 katika umeme unaopanda na kushuka na kukatika, hakiwezi kuwa na kapasita zenye afya. Kapasita zikichoka, volti 12 huyumba pale kadi inapovuta kwa nguvu, yaani mvuani hasa, na chipu inayopata volti zinazoyumba hutoa makosa yaleyale ya vimraba. Ukifunga GTX 1660 Super kwenye pawa saplai hiyo unaweza kuiua kadi mpya ndani ya muda mfupi. Pima volti 12 kwa mita gemu ikiwa inaendelea, kati ya waya wa njano na mweusi. Kanuni ya ATX, inayoongoza pawa saplai za kompyuta, inaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, yaani kuanzia volti 11.4 hadi 12.6. Mwachie mwenye uzoefu afanye kazi hiyo, na kamwe asiifungue pawa saplai yenyewe, maana kapasita zake hutunza umeme hata baada ya kuchomolewa.

#14 Wati75

Umeme_Dodoma ameongeza sababu ya kuchagua RTX 3050. Kama ni kadi, umebadilisha kadi. Kama ni pawa saplai, umepunguza mzigo wa kadi hadi nusu. Kama ni joto la kasha, umelipunguza pia. Pendekezo langu linajibu dhana zote tatu bila kusubiri kujua ipi ni ya kweli.

#15 Umeme_Dodoma

Halijibu dhana yangu. Pawa saplai mbovu iliyopunguziwa mzigo bado ni mbovu.

#16 Mkaazi_wa_Luthuli

Wakuu, mnasahau nusu ya swali. Ukwamaji wa mjini umeendelea hata bila kadi, kwa hiyo hauhusiani na kadi. Hapo nawaona washukiwa wengine. Kijiti kimoja cha RAM kinafanya kazi kwa mkondo mmoja, nusu ya kasi ya kumbukumbu ambayo prosesa hiyo inaiweza. Nahodha amesema ubao una nafasi mbili, basi ongeza kijiti cha pili cha GB 8 cha DDR3, ambacho hapa Nairobi hakimsumbui mtu mfukoni.

Mshukiwa wa pili ni ile diski. Mji unapokaribia, gemu husoma majengo, magari na alama za barabarani kutoka kwenye diski papo hapo, na diski ya kuzunguka inayotafuta faili ndogondogo huchelewa. Weka SSD (diski isiyozunguka) ya GB 480, hamishia gemu humo, uone.

#17 Kilele_Moshi

Mimi naona ni prosesa. Gemu hiyo huegemea sana kiini kimoja, na miji ndiyo yenye magari mengi ya kukokotoa. Ipo njia ya kuthibitisha. Ndani ya mipangilio kuna kipimo cha ukubwa wa picha kwa asilimia. Ukishapata kadi nyingine, kipunguze kwa kiasi kikubwa ukiwa mjini. Fremu, yaani picha kwa sekunde, zikiongezeka, kikwazo kilikuwa kadi. Zikibaki palepale, kikwazo ni prosesa, na dawa yake ni Core i7-4790 iliyotumika, inayoingia kwenye soketi hiyohiyo na kukimbia kwa kasi kidogo zaidi. Vioo navyo vichunguzwe hapo, kwa sababu kila kioo ni picha ya pili ya dunia ileile inayochorwa upya, na mzigo wake unaangukia kadi na prosesa kwa pamoja.

#18 Jirani_wa_Ubungo

Kwa nini tunaimwagia pesa maiti? Windows 10 iliacha kupata huduma ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda mbele. Prosesa ya mzee ni ya kizazi cha nne. Uza kila kitu, nunua kompyuta ya ofisi iliyotumika yenye kizazi cha nane, na hiyo laki nne itakupeleka mbali.

#19 Nahodha_Tanga

Jirani, hoja ya Windows ni nzito na sitaipuuza. Lakini kompyuta nyingi za ofisi zinazoletwa kama mtumba ni za kasha jembamba. Zinataka kadi fupi za nusu kimo, na pawa saplai zake zina plagi za kiwandani ambazo hazilingani na za kawaida, hivyo siku ikifa hutaipata dukani. Wati zake aghalabu hazifiki 300. Utarudi hapahapa kuuliza kadi ya wati 75, ila safari hii iwe fupi pia, na uchaguzi utakuwa mdogo zaidi.

Isitoshe, kadi inahamishika. Atakayoinunua leo ataichomoa na kuifunga kwenye kompyuta ijayo. RTX 3050 itafunguka zaidi ikikutana na ubao wa PCIe 3.0.

#20 Mhamiaji_Muscat

Nawasoma nikiwa Oman. Wiki ijayo napitia Dubai, na pale mtaa wa kompyuta wa Bur Dubai nimeona Intel Arc B580 yenye GB 12. Ilitangazwa Desemba 2024 kwa dola 249. Akiongeza kwenye bajeti yake ataipata kadi mpya kabisa yenye kumbukumbu kubwa kuliko zote mlizotaja. Naweza kumletea.

#21 Nahodha_Tanga

Ukarimu wako ni mkubwa, ndugu, lakini usimletee hiyo. Kadi za Arc zinategemea Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mpigo, ambao mbao za kizazi cha nne hazikuja nao, na bila huo nguvu za kadi hushuka vibaya. Aidha, B580 ilipopimwa na prosesa za zamani ilionekana kupoteza nguvu nyingi kwa sababu draiva yake huipa prosesa kazi kubwa. Ukimletea RTX 3050 ya GB 6 au GTX 1650 yenye risiti, hapo utakuwa umemfaa.

#22 Mama_Kibodi

Swali ambalo hakuna aliyeuliza: skrini ya mzee inaunganishwa kwa waya gani?

#23 BintiWaTunduma

Ni plagi ya bluu yenye skrubu mbili pembeni, na kwenye kadi imepitia kiunganishi kidogo cheupe. Skrini ni ya 1600 kwa 900.

#24 Mama_Kibodi

Nilihofia hivyo. Hiyo ni VGA, na kiunganishi cheupe kinatumia pini za analogia zilizomo kwenye DVI ya GTX 660. Kadi zote zilizopendekezwa humu hazina pini hizo, kwa hiyo kiunganishi hicho hakitaingia, na hata ukikuta kinachoingia hakitatoa picha. Utahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani yake. Ama fuata alichosema Mzee wa Kisiwandui, sehemu ya laki nne iende kwenye skrini pana ya HDMI.

Na kwa skrini ya 1600 kwa 900, GTX 1650 inatosha. Mnamshindania mzee kadi ambayo nusu ya nguvu zake haitapata pikseli za kuchora.

#25 Mkaazi_wa_Luthuli

Akinunua skrini pana kesho, nusu hiyo itapata kazi. Na akitaka vioo visafi, vyote kwa ubora wa juu, kwa umbali mrefu, GTX 1660 Super ndiyo itakayompa. Tumesikia kutoka kwake mwenyewe kwamba vioo ndiyo shida.

#26 BintiWaTunduma

Fundi wa mtaani amepima kama Umeme_Dodoma alivyoelekeza, GTX 660 ikiwa imerudishwa. Lori likiwa limeegeshwa mita ilisoma volti 11.9, na mvuani ilisoma 11.5 ikichezacheza, kisha vimraba vikatokea. Kibandiko cha pawa saplai kinaonyesha mistari miwili ya volti 12, mmoja ampea 14 na wa pili ampea 15, bila kutaja jumla yake.

#27 Umeme_Dodoma

Ni kama nilivyosema. Kushuka kwa volti 0.4 kwa mzigo ule, tena ikichezacheza, ni dalili ya uzee. Mita ya kawaida inaonyesha wastani tu, kwa hiyo mabonde yenyewe yako chini ya hapo. Pawa saplai kwanza, kadi baadaye.

#28 Wati75

Lakini 11.5 iko ndani ya kiwango ulichokitaja wewe mwenyewe, Umeme. Na bila jumla kwenye kibandiko hatuwezi kujumlisha ampea hizo tukapata wati za kweli. Mimi bado nasema kadi ya wati 70.

#29 Fundi_Sinza

Dada, mabishano haya hayatakwisha kwa maandishi. Lete kasha zima Jumamosi pamoja na ile adapta ya HDMI. Nina GTX 1650 isiyo na waya wa ziada na pawa saplai nzima ya wati 500. Tutafunga kwanza GTX 660 yako kwenye pawa saplai yangu, kisha GTX 1650 yangu kwenye pawa saplai yako, tuone vimraba vinamfuata nani. SSD ninayo pia, tutainakili gemu humo tuupime mji wenyewe. Mwambie mzee aje na usukani wake, kwa sababu mimi sijui kurudisha trela nyuma.

#30 BintiWaTunduma

Nimemweleza. Ameuliza kama karakana yako ina kiti kisichoumiza mgongo, na kama unaweza kutangulia kuweka vioo vyote kwenye ubora wa juu.

#31 Fundi_Sinza

Kiti kipo. Vioo atachagua mwenyewe. Ila mwambie ahifadhi faili za gemu kwenye flashi kabla hamjaichomoa ile diski, maana inaelekea nayo ni ya mwaka 2014.